Mwenye Alikamua Bulangeti na Yaya

Bulangeti haikamuliwe na mutu moja. Mutu mwenye hajafula nguo ya watu hajue hii kitu. Shati, sawa. Kikwembe ya kujifunga, unaweza kujikaza peke yako. Lakini bulangeti ya kitanda kubwa, ikisha kunywa maji, inakuwa nzito sawa ngombe mwenye amekataa kusimama. Munashika wawili, munatazamana, wote munazungusha kwa kuume ao wote kwa kushoto. Mukikosana mukono, bulangeti inazunguka tu, haitoe kitu. Mukisikilizana, munarudi nyuma kidogo kidogo, munavuta, maji inatoka na makelele, na ile wakati uzito yako yote iko kwa mikono ya mwenzako. Akiachilia, unaanguka kwa matope na watu wanacheka mupaka jioni. Ndiyo maana haukamue na kila mutu. Unakamua na mutu yako.

Mutu yangu ilikuwa yaya, dada yangu mukubwa.

Hatukutoka tumbo moja. Tulikutana kambini, wakati ya vita, mimi niko mutoto ya makamasi, yeye alishaanza kuwa binti. Nilikuwa nalala juu ya karatoni. Alifungua bulangeti yake, akaniambia: "Ingia. Meno yako inapiga makelele, siwezi kulala." Haikukuwa maneno ya upendo, lakini mimi niliingia na sikutoka tena. Tulikomaa, tulitoka kambini, yeye akazaa mutoto, bwana yake akaenda kutafuta dhahabu kule Mambasa na akasahau njia ya kurudi, na mimi nilibaki pale pale pembeni yake. Mutu akimusema yaya vibaya, ameniamusha mimi, na mudomo yangu ikiamuka hailale haraka. Kartie yote, mutaa muzima, inajua.

Kazi yetu ilikuwa kufula nguo ya watu. Tulikuwaka tunafula kwa chemchem, kule bondeni nyuma ya kartie Lumumba. Ile miaka bunduki ilikuwa imenyamaza, lakini haikukuwa amani ya kuvua viatu. Watu walikuwa wanalala na viatu miguuni, ninasema kweli. Mulango ikipigwa na upepo, kila mutu anaangalia mwenzake. Na muji yetu, Bunia, ilikuwa inapokea tu: wengine kutoka vijiji, wengine kutoka pembeni ya ziwa, wengine kutoka Butembo na biashara yao ndani ya mifuko. Watu waliongezeka. Chemchem haikuongezeka.

Kiangazi moja maji ilitoka nyembamba sawa mukia ya panya. Bido za kuchotea maji zilipanga mustari kutoka bondeni mupaka barabarani. Robine, bomba ya muji, ilikuwa inakohoa tu. Na kwa mustari watu walisimama kambi kwa kambi: wenye walilala kambi hii wakati ya vita wanachungiana nafasi, wenye walilala ile wanachungiana yao. Siku moja mwanamuke alisogeza bido ya mwingine na muguu, na muguu tu, na mbele jua izame vijana ya pande mbili walikuwa na panga mukononi. Hakuna mwenye alikufa. Lakini tuliona namna ingeanza.

Ndiyo pale komini, serikali ya muji, ilileta mambo ya maji ya kurudi.

Walituita kiwanjani. Monsieur ya komini, mwenye kofia ya majani, alitueleza. Muji iko na kiu, na kila siku siye wafulaji tunamwanga maji mingi bure. Sasa watajenga fasi ya kufulia, na mawe ya simenti. Maji yenye tumeshafulia haitaenda bondeni. Itapita kwa mufereji, itaingia shimo ya mawe, itoke iingie shimo ya muchanga, itoke iingie shimo ya makala, ile makaa ya kupikia, na mwisho pompi itaipandisha kwa tanki, ipumzike, iturudilie tufule tena. Wenye kuosha pikipiki watapata yao, wenye kufyatua matofali yao. Chemchem itabaki ya kunywa na kupika.

Watu walicheka vibaya.

"Kwa hiyo jasho ya bwana yangu itarudi kwa shati ya jirani?" mama moja aliuliza.

Mwingine akamujibu kutoka nyuma: "Mama, bwana yako mwenyewe anajuaka njia ya kwa jirani. Sasa ni jasho yake ndiyo inakuuma?"

Kiwanja yote ikapinduka na kucheka. Muzee moja alikasirika, akasema maji ikisha kufa unaizika, haufufue. Akaenda zake.

Mimi nilipenda ile maji tangu siku ya kwanza. Mimi sikumaliza masomo. Nilijifunza kusoma peke yangu, kwa karatasi ya sabuni na kwa ukuta ya muji, na napenda kitu yenye inajaribu mara ya pili. Walipomaliza kupaka tanki rangi waliandika juu yake: EAU NON POTABLE. Wamama wakauliza ni nini. Nikasoma na sauti kubwa, nikaeleza: hii maji haiko ya kunywa, hata mutoto alie na kiu. Yaya alisimama pale, mikono kwa kiuno, akawaambia wote: "Munaona huyu? Hakuna mwalimu mwenye alimufundisha." Kwa ile furaha ningeweza kunywa tanki yote.

Nilikuwa nimeshachagua jiwe yetu. Ile ya karibu na tanki, yenye kivuli. Nilishaweka beseni yangu na ya yaya pale.

Siku ya kufungua, mama prezida ya komite ya maji akasimama. Ni mwanamuke mwenye sauti sawa ngoma ya kanisa. Akasema: "Jiwe moja, watu wawili. Na hakuna jiwe yenye itapata watu wawili wenye walilala kambi moja. Mulizoea kuchungiana nafasi. Sasa mutakamua bulangeti na mutu ya pande ingine, tutaona kama mutamuachilia aanguke."

Nikanyoosha mukono. "Mama prezida, na wenye walilala bulangeti moja?"

"Hao ndiyo wa kwanza kuachana."

Watu wakacheka. Mimi niliangalia yaya, nikangoja akatae. Yaya hakukataa. Alibeba beseni yake, akaenda kwa jiwe yenye walimuonyesha, sawa mutu mwenye anaenda kununua chumvi.

Walimupa mwanamuke ya Butembo. Kijana, mwenye alikuja na familia yake kisha mizigo ya duka yao kupotea njiani. Alikuwa na diploma. Alikuwa na glovu ya plastiki ya kufulia. Glovu! Na kila mutu alikuwa anamuita "ma sheri", mupenzi wangu kwa Kifaransa, hata mama prezida. Asubuhi ya kwanza alipita karibu ya tanki, akasoma ile maandishi pole pole, na Kifaransa ya kutoka puani, vizuri kuliko mimi. Hakunisahihisha. Alisoma tu, peke yake. Lakini yaya aligeuka kumusikiliza. Ile ilinitosha. Kutoka pale sikutaka hata kivuli yake ipite juu ya nguo yangu.

Na mimi walinipa mama ya Mahagi, mwenye alitoka kule. Mama mukubwa, rozari kwa shingo, mwenye alikuwa anafula sawa anaponda majani ya sombe. Alikuwa anaongea mara moja moja, lakini neno yake ikitoka inatafuta fasi yenye inauma.

Mikono yangu ilikuwa kwa jiwe yangu, macho yangu kwa jiwe ya yaya. Na sasa musikie hii. Yaya ni mutu ya mukono ya kushoto. Mimi ni mutu ya kuume, lakini tangu utoto nilijilazimisha kuzungusha kwa kushoto, kwa ajili yake, mupaka mukono yangu ikasahau kuume. Yaya alikuwa anasema: kuume siwezi, mufupa yangu inakataa. Mimi nikaheshimu mufupa yake. Siku ya pili kwa ile mawe, ninainua kichwa, naona yaya na ile mwanamuke wanakamua bulangeti ya askari, nzito, na yaya anazungusha kwa kuume. Kwa kuume! Anacheka! Mufupa haimuume!

Mimi na mama ya Mahagi tulikuwa tumeshika yetu ile saa. Mimi nazungusha kushoto, yeye kuume, bulangeti ikawa inazunguka kati yetu sawa mbuzi juu ya moto, haitoe hata tone.

"Weye," mama ya Mahagi akasema. "Unakamua bulangeti ao unakamua shingo ya mutu?"

"Bulangeti, mama."

"Basi ile shingo unaitafuta haiko huku. Angalia kwangu."

Saa ya kula ilikuwa mbaya zaidi. Zamani, mimi na yaya tulikuwaka tunakula kwa sahani moja, na kichwa ya samaki ilikuwa yangu, hatukuongea, inajulikana. Sasa yaya alikuwa anakula na ile mwanamuke, magoti kwa magoti, wanapeana pilipili. Siku moja akakuja kwangu na kichwa ya samaki ya Tchomia ndani ya jani.

"Nimekuchungia."

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Nimekula maneno."

"Zuwa, ile wivu, itakuuwa, weye mutoto."

"Zuwa gani? Mimi niko na zuwa? Zuwa juu ya glovu?"

Yaya akacheka, akageuka, akapatia mama ya Mahagi kile kichwa. Mama ya Mahagi alikula mbele yangu. Alinyonya mifupa. Alinyonya hata macho. Nikabaki nasikia tumbo yangu inanitukana.

Na usifikiri nilipumzika nyumbani. Tulikuwa tunakaa parseli moja, uwanja moja, na ile mwanamuke alikuwa anaingia kila jioni bila kupiga hodi, kwa mudomo ya yaya. "Anasema Butembo kunakuwa baridi, watu wanakunywa chai na tangawizi." "Anasema mutoto wangu iko na akili." Mutoto ya yaya iko na akili tangu ananyonya, ni mimi nilimuonyesha herufi ya kwanza kwa boksi ya kiberiti! Sasa diploma ndiyo imegundua? Nikasonya. Yaya akasema: "Unasonya nani?" Nikasema: "Mbu."

Lakini nisidanganye, maji ya kurudi ilikuwa inatembea. Mustari ya chemchem ikafupika. Wenye kuosha pikipiki waliacha kuchafua muto, wafyatuaji wa matofali walikuja na bido zao wakiimba. Wenye walicheka kiwanjani walikuja kuchota wakiangalia pembeni, ule muzee ya kuzika maji pia, alituma mutoto wake. Kartie ingine zilianza kutuonea wivu, wanauliza komini yao inalala ao nini. Nikasema moyoni: vizuri, mujue namna inauma.

Na mama prezida alikuwa na haki kidogo, hata kama sipendi kusema. Mutu mwenye ameshika ncha ingine ya bulangeti yako, ni vigumu kumutukania kambi yake. Niliona watu wenye hawakusalimiana tangu vita wanaambiana: "Vuta, vuta, usiniangushe, niko na mimba."

Sasa bulu. Ni unga ya bulu, ndani ya karatasi kidogo. Nguo nyeupe ikisha kutakata, unaweka bulu kidogo sana kwa maji ya mwisho, na nyeupe inang'aa sawa meno ya mutoto. Kwa chemchem tulikuwa tunaitumia mara moja moja. Ile mwanamuke alikuja na mufuko muzima, baki ya duka yao. Yeye na yaya wakaanza kuweka kwa kila nguo nyeupe. Haraka wateja wakasikia. Wanganga wa hospitali, walimu, wamama wa arusi, kila mutu: "Nipelekee kwa wale wawili." Jiwe ya yaya ikawa na nguo mupaka juu, jiwe zingine zinakauka. Basi na siye tukanunua. Mimi nilinunua. Mama ya Mahagi pia, akaificha ndani ya matiti pembeni ya rozari. Kila jiwe ikawa inamwanga bulu yake, na kila maji ikawa inapita mufereji, mawe, muchanga, makala, tanki, na kurudi.

Hakuna mwenye aliona. Beseni zetu zote zilikuwa za plastiki ya rangi, tanki ilifunikwa, nguo mingi ilikuwa ya rangi. Mimi nilikuwa na macho makali kuliko wote pale, lakini nilikuwa naangalia watu, sikuangalia maji.

Ikakuja siku ya mbele ya misa kubwa. Korali, waimbaji wa kanisa, ilileta kanzu zao, nyeupe zote, na muongozi ya korali, mwanaume mwembamba wa kravati, akasema anazitaka "sawa theluji". Hajaona theluji hata siku moja, lakini anaitaka. Zilipelekwa kwa jiwe ya yaya, bila shaka. Yaya akaziloweka, akaziongezea bulu juu, wakaenda kula. Waliporudi wakainua kanzu ya kwanza.

Bulu. Haikukuwa kung'aa ya bulu, ilikuwa bulu yenyewe, sawa mbingu nyuma ya mvua. Ya pili, bulu. Zote. Walisuuza na maji ya tanki, zikaongezeka.

Muongozi alifika akashika kichwa. Mukanika moja mwenye alikuwa anaosha pikipiki akapiga kelele: "Kumbe kesho tutaimbiwa na casques bleus, wale askari wa UN wa kofia ya bulu!" Watu wakacheka, na ningefurahi ingeishia pale. Lakini sauti moja ikatoka nyuma: "Nani alileta bulu hapa? Si ni mutu ya Butembo? Wanakuja na vitu yao, wanaharibu maji yetu."

"Yetu ya nani?" mwingine akajibu. "Weye ulichimba?"

Pale niliangalia miguu. Hakuna mwenye alisema sogea, lakini miguu ilijua. Wenye walilala kambi hii wakasogea pole pole kwa tanki. Wenye walilala ile, kwa mufereji. Kati kati ikabaki jiwe ya yaya, na yaya, na ile mwanamuke, na beseni ya kanzu ya bulu. Kelele ikaisha. Mimi nakumbuka ile kunyamaza, niliisikia nikiwa mutoto, na mutoto wa yaya alikuwa pale anacheza na povu.

Mama prezida akaja kati kati. "Nani aliweka bulu kwa hii kanzu? Mwenye aliweka anaacha jiwe leo. Na wengine wanarudi kwa kazi. Leo, mbele jua izame, sitaki neno ingine."

Mimi nilijua. Nani angejua kuliko mimi, mwenye nilikuwa siwaachilie na macho? Yaya alifungua karatasi na meno, juu mikono ilikuwa na povu, akamwanga yote. Ile mwanamuke alimwambia: "Ma sheri, hiyo ni mingi." Yaya akasema: "Acha, ni ya Mungu." Sasa yaya alikuwa anaangalia mutoto wake. Ile jiwe ilikuwa bugali ya mutoto wake. Bwana hayuko. Akitoka pale, anaenda wapi?

Na watu walikuwa wananiangalia mimi, juu kila mutu alijua nilikuwa nawachunga. Neno moja tu ingetosha: ni ule. Bulu ilitoka kwake, hakuna mwenye angebisha. Jiwe ya yaya ingebaki na fasi, na fasi ingekuwa yangu. Ile neno ilikuwa pale kwa ulimi, tamu.

Ile mwanamuke akavua glovu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya jiwe. Akasema: "Ni mimi. Niliweka mimi."

Hapo ndipo wivu yenyewe ilinipanda. Yote ya mbele, glovu, diploma, kichwa ya samaki, mukono ya kuume, ilikuwa mazoezi. Sasa huyu, wa juzi, anasimama mbele ya watu wa kambi mbili, anabeba kosa ya yaya yangu! Kazi yangu! Ndiyo kitu peke yake nilikuwa nayo kushinda yeye!

"Muongo!" nikapiga kelele. Niliruka mufereji, karibu nianguke. "Weye ni nani wa kubeba kosa ya yaya? Umemujua lini? Mimi nilimubebea kuni! Nilimubebea mutoto! Nilimubebea matusi ya mama mukwe yake! Kosa ya yaya ikiwa ya kubebwa, nabeba mimi! Mama prezida, nifukuzeni mimi!"

Watu wote wakageukia yaya.

Mama ya Mahagi akasema, pole pole: "Aksanti. Sasa tumejua ni nani."

Nikageuka. Yaya alikuwa ananiangalia na midomo yake ya bulu, sababu ya ile karatasi. "Aksanti, mudogo," akasema. "Umeniuza vizuri." Nyuma ya pale akatoka mbele ya jiwe yake: "Ni mimi. Nilifungua na meno."

"Hapana, ni mimi," ile mwanamuke akasema.

"Nyamaza weye!"

"Nyamaza weye mwenyewe, ma sheri. Bulu ni ya duka yetu."

"Duka yenu, lakini yaya ni wangu!"

"Nani alikuuzia yeye?"

Tulisukumana, ndiyo, tulisukumana, na beseni ikapinduka, kanzu zikalala kwa simenti, na mukanika akaanza kucheka, na mwanamuke mwenye mimba akacheka mupaka akashika tumbo. Watu walisogea karibu kuona vizuri. Kusogea vile, wakachanganyika. Huwezi kuangalia watu wanapigana bagara na kuchunga kambi yako.

Mama ya Mahagi akainua mikono yake juu. Kucha zake zilikuwa bulu. "Na nyinyi," akasema. "Onyesheni." Wafulaji wote wakaficha mikono nyuma ya kikwembe, moja moja, sawa watoto wenye wameiba sukari. Hiyo ilikuwa jibu. Mama prezida alituma kikombe nyeupe kwa tanki. Ikarudi na maji ya bulu ndani.

Monsieur ya komini alikuja, akavua kofia. Akatueleza kitu yenye hata yeye hakufikiria: kwa chemchem, bulu inaenda na maji, inakuwa mambo ya watu wa chini. Hapa maji haiende. Leo kidogo, kesho kidogo, inarudi na yote yenye muliipa. Na makala ndani ya shimo ilishachoka, ilitakiwa kubadilishwa, na hakuna mwenye alipewa hiyo kazi. Alisema ile ya mwisho na sauti ndogo.

Hakuna mwenye aliacha jiwe. Walikataza bulu. Tanki imwangwe, muchanga ioshwe, makala ibadilishwe, na kila mutu apinde mugongo. Kanzu? Padri aliziangalia, akasema Mama Maria anapenda ile rangi, na korali iliimba vile, muongozi peke yake amenuna.

Mbele ya kuachana mama prezida alitunyooshea kidole, mimi na ule. "Nyinyi wawili wenye munagombania kosa sawa nyama ya sikukuu. Kutoka kesho, jiwe moja. Mama ya Mahagi atakaa na yaya yenu."

Nilitaka kubisha. Yaya akaniangalia, nikafunga mudomo. Siku mingi haifungiki.

Kesho yake tulipewa kuosha muchanga, mimi na ule, ndani ya beseni moja. Tulichota, tukazungusha, tukamwanga maji ya bulu, tukachota tena. Jua ikapanda. Kwa upande ya pili, yaya na mama ya Mahagi walikuwa wanapanga makala mupya ndani ya shimo, weusi mupaka mabega, na mama ya Mahagi akasema kitu, na yaya akacheka. Haikukuwa kicheko ya kawaida. Alikaa chini. Alipiga paja.

Siye wawili tukainua kichwa pamoja.

"Anamwambia nini?" ule akauliza.

"Sijue."

"Na mimi hakuchekaka vile."

"Mimi pia. Na miaka yote."

"Huyu mama anachekesha?"

"Mimi aliniumizaka tu."

Yaya akacheka tena, akamupiga mama ya Mahagi kwa bega, akaacha alama ya makala pale. Mwenzangu akasonya. Nilisikia ile sonyo, nikaijua, ilikuwa yangu kabisa.

"Shika huko," nikamwambia. Akashika beseni upande yake, mimi yangu, tukaivuta pole pole, sawa watu wenye wanatafuta kivuli, mupaka fasi yenye tungeweza kusikia.